Sura ya Sita: Lebo Isiyoitika

Kazi ambayo haikuandikwa popote ikisahaulika, sababu inajulikana. Inayouma ni kazi iliyoandikwa kwenye simu, ikapewa tarehe na lebo yake, na bado siku ya siku haikuonekana. Mwenye simu anafungua lebo ya "wateja", anakuta kazi zote isipokuwa ile ya mteja aliyesimama mbele yake. Hapo wengi huamua kwamba programu ni mbovu, huifuta na kurudi kwenye daftari. Sura hii ni ya kusomwa kabla ya kuifuta.

Tutatumia mfano mmoja. Fikiria duka la steshenari Kikuyu, jijini Dodoma, karibu na Chuo Kikuu cha St. John, chuo kilichoanza mwaka 2007 katika eneo la iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Duka la namna hiyo linachapa, linatoa kopi, linabaindi ripoti za utafiti, na pembeni lina uwakala wa pesa. Mwenye duka ni mama mmoja, anasaidiwa na kijana wake wa kazi, na wote wawili wanatumia akaunti moja ya vikumbusho kwenye simu mbili. Msimu wa kukabidhi ripoti ukifika, kazi zinaingia mfululizo. Mwanafunzi anaacha flashi yake na kusema, "Shikamoo mama, naomba nakala tatu, kava gumu, Ijumaa asubuhi." Mama anaitikia, "Marahaba mwanangu," huku kidole tayari kinaandika.

Baada ya miezi michache, orodha ya lebo kwenye simu ya mama inasomeka hivi: wateja, Wateja, mteja, wateja chuo, wateja-chuo, baindi, kubaindi, kodi, haraka, HARAKA, ng'ombe, ng. Lebo kumi na mbili kwa mambo sita. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwa uzembe. Kila moja iliandikwa na mtu mwenye haraka aliyekuwa na nia njema, na karibu kila hitilafu ya lebo tutakayoijadili imo ndani ya orodha hiyo.

Mashine inasoma herufi

Desturi ya mtumiaji kujiwekea lebo zake mwenyewe ilienea na huduma ya Delicious, aliyoianzisha Mmarekani Joshua Schachter mwaka 2003 kwa ajili ya kutunza anwani za tovuti. Mwaka uliofuata ikaja Flickr, ambako watu waliwekea lebo picha zao. Mwezi Agosti 2007, Chris Messina alipendekeza watumiaji wa Twitter waweke alama ya reli, yaani #, mbele ya neno linalotaja mada. Kutoka huko desturi hiyo ikaingia kwenye huduma za vikumbusho, na leo ni nadra kuikuta huduma kubwa ya orodha za kazi isiyo na lebo za namna fulani.

Tangu mwanzo, kanuni ilikuwa ile ile: mashine haijui mteja ni nani. Inalinganisha mfuatano wa herufi na mfuatano mwingine. Ukifanana, inakuletea kazi. Usipofanana, inanyamaza, wala haikuambii kwamba ilikaribia kupata. Kwenye Delicious nafasi ndiyo iliyotenganisha lebo, kwa hiyo aliyeandika maneno mawili alipata lebo mbili bila kukusudia. Watu walijifunza kuyaunganisha kwa kistari au kwa kuyabana pamoja, na kila mmoja akachagua njia yake. Miaka ishirini na zaidi baadaye, "wateja chuo" na "wateja-chuo" za mama wa Kikuyu zimetokana na chanzo hicho hicho.

Tukikubali kwamba lebo ni ahadi ya kuandika jina lile lile kwa namna ile ile kila mara, utafutaji wa hitilafu unakuwa mwepesi. Tunatafuta pale ahadi ilipovunjika.

Mahali ahadi inapovunjika

Anza na herufi kubwa. Kibodi ya simu hukuza herufi ya kwanza ya sentensi bila kuombwa. Lebo ikiwa mwanzoni, inakuwa "Wateja". Ikiwa katikati, inabaki "wateja". Baadhi ya programu huzihesabu kuwa moja, nyingine huzitenga. Ijaribu yako leo: tengeneza lebo mbili za majaribio zinazotofautiana kwa herufi kubwa tu, uone kama zinakaa pamoja au mbalimbali.

Pili ni nafasi isiyoonekana. Ukikubali neno lililopendekezwa na kibodi, mara nyingi nafasi inaongezwa nyuma yake. Programu nzuri huikata nafasi hiyo. Isiyoikata inatunza lebo mbili ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha. Ukiona lebo mbili zinazofanana kabisa kwenye orodha, fungua moja kama unayetaka kuihariri, peleka kielekezi mwishoni, ufute mara moja. Ikiwa hakuna herufi iliyopotea, umeshapata kosa.

Tatu ni umoja na wingi, na hapa Kiswahili kinahitaji uangalifu wa pekee. Programu nyingi hupendekeza lebo kwa kutazama herufi za mwanzo. Katika lugha ambazo wingi unaonekana mwishoni mwa neno, ukianza kuandika umoja, wingi nao unajitokeza, na mtumiaji anakumbuka kwamba lebo tayari ipo. Kwetu mabadiliko yako mbele. Kijana akiandika "mte", programu haina sababu ya kumwonyesha "wateja". Anaona patupu, anadhani lebo haipo, anaunda "mteja". Ndivyo ilivyo kwa mkopo na mikopo, kitabu na vitabu, mwanafunzi na wanafunzi. Kitenzi nacho kina mtego huo: anayeandika "bai" haletewi "kubaindi". Dawa ni kuamua mara moja na kutorudi nyuma. Nomino zote ziwe katika wingi, na vitenzi vyote viandikwe bila "ku". Uamuzi wa kinyume nao unafaa, mradi uwe mmoja kwa simu zote mbili.

Nne ni ritifaa, na huu ndio mtego ambao watu wengi hawauoni. Mama ana ng'ombe wawili wa maziwa nyumbani, na lebo yao inamkumbusha siku ya daktari wa mifugo. Alama iliyo ndani ya "ng'ombe" ina maumbo mawili kwenye simu: iliyonyooka na iliyopinda. Iliyonyooka ndiyo ya tangu enzi za mashine za taipu. Iliyopinda huwekwa na simu yenyewe pale mpangilio wa kupamba alama za uandishi unapowashwa. Kwa msomaji ni neno moja. Kwa kompyuta kila umbo lina namba yake, kwa hiyo "ng'ombe" ya simu ya mama na "ng’ombe" ya simu ya kijana ni lebo mbili. Huduma nyingine zinazotumia # hukatiza lebo pale tu zinapokutana na ritifaa. Andika #ng'ombe, na kinachobaki ni "ng", na "ombe" inaachwa nje kama maandishi ya kawaida. Ndiko ilikotoka lebo ya kumi na mbili kwenye orodha ya mama. Mwenye kufuga atumie "mifugo". Mwenye kuhifadhi kumbukumbu za Ng'ambo achague jina lisilo na ritifaa, hata kama si jina analolipenda.

Tano ni neno moja lenye mambo mawili. Hapa herufi zinafanana na kosa liko kwenye maana. Lebo ya "kodi" ilibeba kodi ya fremu na kodi ya TRA. Kodi ya fremu inafuata mkataba na mwenye nyumba. Kodi ya mfanyabiashara mdogo anayelipa kwa makadirio ina awamu nne kwa mwaka: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Duka likikua likaajiri watu, kodi ya mishahara inalipwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita, na likisajiliwa kwa VAT, ritani yake ni tarehe 20. Mambo yenye kalenda tofauti na adhabu tofauti yakikaa chini ya jina moja, jicho huzoea kuona "kodi" na kuamini kwamba zote zimeshughulikiwa. Igawe: "fremu" na "tra". Majina mafupi, hakuna anayeyachanganya.

Jina la mahali linaingia hapo hapo. Kikuyu ya Dodoma ina kata mbili, Kaskazini na Kusini, na anayepeleka mizigo kwa wateja wa pande zote mbili atahitaji kuzitenga. Huduma zinazokumbusha kwa kufuata ramani zina hatari zaidi. Ukiandika "Kikuyu" pekee, ramani inaweza kuchagua mji wa Kikuyu ulio kaunti ya Kiambu, nje kidogo ya Nairobi, na kikumbusho chako kikangoja ufike Kenya. Andika "Kikuyu, Dodoma", kisha itazame pini ilipotua kabla ya kuhifadhi.

Kila programu na alama yake

Kuna lebo ambazo hazikuwahi kuwa lebo. Zilibaki maneno ya kawaida ndani ya kichwa cha kazi kwa sababu aliyeandika alitumia alama ya programu nyingine. Katika Todoist, lebo hutanguliwa na @, na # ni ya mradi. Katika TickTick, lebo hutanguliwa na #. Katika Remember The Milk, huduma ya Australia iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2005, # hutumika kwa lebo na kwa orodha pia. Programu ya Vikumbusho ya iPhone ilipata lebo za # mwaka 2021, na lebo zake ni neno moja tu, kwa hiyo maneno mawili yaunganishwe kwa kistari. Google Tasks haina lebo kabisa. Ukiandika #wateja humo, umeandika alama na neno, basi.

Aliyehama kutoka huduma moja kwenda nyingine ndiye anayeumia zaidi, maana vidole vinakumbuka alama ya zamani. Kipimo ni chepesi. Lebo halisi hubadilika rangi au huwekewa kijifremu mara unapomaliza kuiandika, na ukiigusa inafunguka. Ikibaki na rangi ya maandishi mengine, haijapokelewa. Katika baadhi ya programu inabidi uiguse lebo kwenye orodha inayojitokeza. Kuendelea kuandika bila kuigusa huiacha kama neno tu. Kijana wa dukani anayeandika haraka kuliko mama atalikuta tatizo hili mara nyingi kuliko yeye.

Masjala ilikwisha kulijua jambo hili

Dodoma ina watu wengi wanaoijua dawa ya matatizo haya bila kuhusisha kazi yao na simu. Serikali ilipohamishia shughuli zake Dodoma kuanzia mwaka 2016, wizara zilikuja na masjala zake, na utunzaji wa majalada una nidhamu ambayo kila mtumiaji wa lebo anaihitaji. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inaitambua kazi hiyo kuwa wajibu wa taasisi ya umma, na wanaoifanya wanasomea.

Tazama jinsi jalada linavyozaliwa. Afisa mwenye barua ya jambo jipya hajifungulii jalada. Anaomba masjala. Mtunza kumbukumbu anatafuta kwanza kwenye rejesta kama jambo hilo lina jalada; likikosekana ndipo anafungua, analipatia namba na kuliandika. Namba hiyo ndiyo inayotokea juu ya barua ya Serikali, kwenye Kumb. Na. Ikitokea jalada halionekani na barua haiwezi kusubiri, linafunguliwa jalada la muda. Lenyewe likipatikana, karatasi za jalada la muda zinahamishiwa humo na la muda linafungwa. Afisa akitaka jambo lirudi mezani kwake, anaandika B.U. (kifupi cha Kiingereza "bring up", yaani lirudishwe) na tarehe, na masjala inalirudisha siku hiyo.

Kila hatua hapo inajibu tatizo la mama wa steshenari. Rejesta inazuia "mteja" kuzaliwa wakati "wateja" ipo. Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kufungua anazuia simu mbili kubuni majina mawili. Jalada la muda linatufundisha kwamba lebo ya pili inaweza kuzaliwa bila dhambi, siku ya pilikapilika, mradi iunganishwe mapema na ya kwanza. Na B.U. inakaa mbali na jina la jalada: jina linasema jambo ni la nini, tarehe inasema lirudi lini. Wengi wa wanaolalamika kwamba lebo haikuwakumbusha walikuwa wameweka lebo ya "haraka" bila tarehe. Lebo haipigi kengele. Kinachopiga kengele ni siku na saa.

Lebo iko sawa, kazi bado haionekani

Ukishahakikisha jina, alama na umoja wa lebo, sababu zilizobaki ni chache, na ni vyema kuzipitia kwa mpangilio huu.

Tafuta kazi yenyewe kwa neno lililomo kwenye kichwa chake, bila kupitia lebo. Ikipatikana, ipo, na kinachoificha ni kichujio. Vichujio vingi huondoa kazi zilizowekewa tiki, na kidole kinachoteleza kinaweza kuweka tiki bila mtu kujua. Vingine huonyesha kazi za leo tu. Ukichuja kwa lebo mbili, angalia pia kama programu inataka kazi yenye lebo zote mbili au yoyote kati ya hizo. Mama anayetaka kuona "baindi" pamoja na "haraka" anaweza kupewa zile tu zilizobeba zote mbili, na zilizobeba moja zikaachwa.

Kazi isipopatikana hata kwa kutafuta, geukia mtandao. Simu ya kijana bando likiisha saa nne asubuhi, kila anachoandika kinabaki kwenye simu yake hadi atakapounganishwa tena. Mama akiunda lebo upande wake katika muda huo, zikikutana kunaweza kuwa na lebo pacha. Zima na uwashe data, vuta orodha chini ili ijisasishe, kisha angalia kwenye mipangilio kama simu zote mbili ziko kwenye akaunti moja. Simu yenye anwani mbili za barua pepe hufungua kwa urahisi akaunti isiyotarajiwa.

Kazi ikiwepo, lebo ikiwepo, tarehe ikiwepo, na kengele haikulia, tatizo ni la arifa. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyolala hupunguza kazi za programu zilizo nyuma ili kulinda betri. Android 12 ya mwaka 2021 ilileta ruhusa ya pekee kwa programu zinazotaka kupiga kengele kwa dakika kamili, na kuanzia Android 13 ya mwaka 2022 programu mpya sharti iombe ruhusa ya kutuma arifa. Aliyegusa "Usiruhusu" siku ya kwanza ili aendelee na kazi hataona kikumbusho chochote. Ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua programu hiyo, washa arifa na kengele, na uitoe kwenye orodha ya zinazobanwa na kiokoa betri.

Mwisho ni saa yenyewe. Programu nyingi hazielewi "kesho" wala "saa tatu asubuhi". Kijana aliyeambiwa Ijumaa saa tatu akaweka 3:00 ameomba kengele ilie saa tisa usiku. Saa tatu asubuhi ni 9:00. Dukani wekeni sheria kwamba mdomo unasema saa za kwetu, na kidole kinachagua saa kwenye mchoro wa saa ya simu, kisha kinasoma tena kilichochaguliwa.

Kusafisha na kulinda

Usafi wa lebo ufanywe siku tulivu, vyuo vikiwa likizo. Kwanza, toa nakala ya orodha yote kama programu inaruhusu, au piga picha za skrini. Pili, andika kwenye karatasi lebo zote zilizopo, na mbele ya kila moja uandike lebo itakayobaki. Kwa duka letu zinatosha sita: wateja, baindi, fremu, tra, mifugo, haraka. Kama wanafunzi wanahitaji kutengwa na wateja wengine, ongeza ya saba, na ya saba iwe na sababu.

Tatu, usikimbilie kubadili jina la lebo ili lifanane na jingine. Programu nyingine huziunganisha, nyingine hukataa. Njia salama ni kufungua lebo ya zamani, kuchagua kazi zake zote na kuziongezea lebo mpya, kisha kuhesabu. Lebo ya zamani ikiwa na kazi kumi na moja, zote kumi na moja zionekane chini ya mpya. Hapo ndipo ya zamani inafutwa. Kabla ya kufuta ya kweli, ifute moja ya majaribio yenye kazi moja, uhakikishe kwamba kazi inabaki lebo inapoondoka.

Nne, bandika orodha ya lebo hizo ukutani juu ya mashine ya kopi, na chini yake sheria tatu: herufi ndogo tupu, neno moja, wingi. Anayetaka lebo mpya amwambie mama. Mama akikubali, inaandikwa ukutani kwanza, kisha kwenye simu.

Kinachotafutwa hapa ni kikubwa kuliko simu yenye orodha safi. Mwanafunzi aliyeahidiwa ripoti Ijumaa amejipanga kwa ahadi hiyo, na kuchelewa kwake kunaweza kumgharimu muhula. Duka linaloishi kwa jina zuri mtaani haliwezi kulitegemeza jina hilo kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja. Basi lipime. Mwite mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hapo, mpe simu, mwambie akuletee kazi zote za kubaindi za wiki hii. Akizileta zote bila kuuliza kitu, lebo zako zinaitika. Akiuliza hata swali moja, liandike kama alivyolisema, kwa sababu limekuonyesha lebo ya kurekebisha.